Kijana si Mfuko wa Ukoo

Utamaduni wa taifa si ngoma, mavazi na vyakula peke yake. Utamaduni ni pia namna watu wanavyogawana walicho nacho: nani hutoa, nani hupewa, na nani huketi barazani wakati shauri la kutoa linapokatwa. Katika makala haya twataka kulizungumza hilo la tatu, kwa kuwa ndilo lisilosemwa. Tutalizungumza kwa mfano wa miteremko ya Kilimanjaro, tangu Machame na Kibosho hadi Marangu, Mwika na Rombo. Makosa tutakayoyataja si ya Wachagga peke yao. Ila huko yanaonekana waziwazi kila mwaka, ifikapo Desemba.

Kila aijuaye njia ya Moshi anajua kinachotokea mwezi huo. Mabasi ya kutoka Dar es Salaam hujaa pomoni, na Desemba 2019 hata treni ya abiria ilirudi Moshi baada ya kukatika kwa zaidi ya miongo miwili. Watu hurejea vihambani kwao. Mbuzi huchinjwa, mbege hunywewa, na baada ya Krismasi koo nyingi huketi kikao. Hapo hutajwa karo ya yatima, bati la nyumba ya mjane, daraja la njia ya kijijini, ukuta wa kanisa. Daftari hufunguliwa, majina ya vijana wenye kazi mjini husomwa, na mbele ya kila jina huandikwa kiasi cha fedha.

Na vijana wenyewe wako wapi saa hiyo? Wako nje, chini ya migomba, wakigeuza nyama. Wakiitwa ndani, huitwa ili waambiwe walichokwisha kupangiwa. Mwaka ufuatao huombwa tena, na aghalabu hakuna anayewasimulia fedha za mwaka jana zilifanya nini.

Kisha wazee wetu hulalamika. Husema vijana wa siku hizi hawana moyo, kwamba mji umewaharibu, kwamba mtu yu radhi kutumia mshahara wake kwa anasa kuliko kumsaidia mtoto wa nduguye. Sisi hatukubaliani na kauli hiyo. Kijana hakupoteza moyo, alinyimwa kiti. Mtu aliyeonjeshwa ukarimu kwa njia ya kutozwa, atauhesabu ukarimu kuwa kodi, na kodi hukwepwa.

Je, ndivyo ilivyokuwa tangu zamani? La hasha. Tutazame mfongo. Mababu wa mlima huo walichimba mamia ya mifereji, wakaichukua maji toka mitoni, juu kwenye ukingo wa msitu, wakayapitisha kwenye kingo za mabonde hadi migombani. Hawakuwa na chombo cha kupimia ila macho yao na maji yenyewe. Mifongo mingi ilikuwa mali ya ukoo au ya koo kadhaa, nayo haikudumu kwa sababu ya aliyeichimba. Ilidumu kwa sababu kila mwaka ilizibuliwa. Siku ya kazi ilipotangazwa, kijana alishika jembe pamoja na baba yake. Aliyefanya kazi alikuwa na haki ya maji. Asiyetokea alitozwa faini au zamu yake ya maji ikazuiwa. Hivyo kijana alijifunza mambo mawili kwa siku moja: kwamba mali ya wote hudai jasho, na kwamba jasho humpa mtu sauti katika ugawaji. Nani alihitaji kumhubiria ukarimu?

Mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya ujamaa, aliuweka msingi wake katika jamaa ya Kiafrika, akakaza kwamba katika jamaa hiyo kila mtu alikuwa mfanyakazi. Wahenga walikwisha kusema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Leo kijana anakuja kwao siku kumi, naye anakaa mgeni siku zote kumi. Siku ya tatu hapewi jembe. Anapewa hesabu ya deni.

Ari hiyo ya mfongo haikufa wakoloni walipokuja. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao, na mwaka 1933 kikazaliwa Chama Kikuu cha Ushirika, KNCU. Sehemu ya fedha za kahawa ilikwenda katika elimu ya watoto wa mlimani. Baadaye, katika miaka ya 1980, Kilimanjaro ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyotangulia kwa shule za sekondari zilizojengwa kwa michango na nguvu za wananchi. Wengi wetu tulisoma katika madarasa ambayo mawe yake yalibebwa na watu wasiojua kusoma.

Basi kimekatika nini? Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na viliporudishwa katika miaka ya 1980 imani ya wakulima ilikuwa imepungua. Mwaka 1989 mapatano ya dunia ya kugawana soko la kahawa yalivunjika, bei ikaporomoka, na mkahawa ukaacha kusomesha watoto. Kihamba nacho kilikuwa kimegawanywa baba hata mwana mpaka hakigawanyiki tena. Kijana akashuka mlima kutafuta riziki, na uchumi wa ukoo ukahama kutoka shambani kwenda kwenye mishahara na biashara za mbali. Lakini baraza la ukoo halikuhama pamoja nao. Lilibaki pale pale, na watu wale wale, likiamua juu ya jasho lisilotoka tena machoni pake. Hapo ndipo penye ufa.

Wapo watakaotujibu kwamba penye wazee haliharibiki neno. Twakubali. Lakini methali hiyo haikusema kwamba penye vijana neno huharibika. Mzee asiyemfunza kijana kukata shauri amejiandalia kuzikwa na busara yake. Wapo pia watakaosema: kijana apate mali kwanza, ndipo ajifunze kutoa. Hao tunawakumbusha kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na moyo hufundishwa mapema, kama samaki anavyokunjwa angali mbichi.

Wala hatutawaachia vijana wenyewe njia ya kutokea. Kijana atumaye fedha kwa simu akiwa Mwanza au Dubai, akadhani amemaliza, anajidanganya. Simu inaweza kupeleka shilingi. Haiwezi kuzibua mfongo, wala kumtazama mjane usoni na kujua kama bati lilifika. Tena tumewaona vijana hao hao wakiunda kamati, wakiketi wiki baada ya wiki, wakihimizana na kudaiana bila aibu, ili kukusanya mamilioni ya harusi itakayokwisha usiku mmoja. Kumbe kukusanya wanajua, na kutunza hesabu wanajua. Wanachokosa ni jambo la kudumu la kuwakusanya, na ukumbi wa kulisemea.

Na ikiwa twautaja mfongo kwa sifa, yatupasa kuutaja na kwa kasoro yake. Wanawake hawakuhesabiwa katika shauri la maji, ijapokuwa ndio waliobeba majani ya ng'ombe kutoka tambarare kupanda mlima. Kihamba nacho kilirithiwa na wana wa kiume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imemtambua mwanamke kuwa sawa na mwanamume katika haki ya ardhi, lakini vikao vingi vya ukoo bado havijamtambua binti. Ajabu ni kwamba wakati wa michango jina lake halisahauliwi! Anayetoa kama mwana na kunyamazishwa kama mgeni anadhulumiwa, na ukoo wa namna hiyo usishangae mabinti wakipeleka ukarimu wao kwingine.

Tusiseme ya kulaumu tu. Twapendekeza mambo manne, nayo hayahitaji mfadhili wala semina.

Kwanza, vijana wa kike na wa kiume waketi katika kikao cha ukoo tangu ujanani, wakiwa na sauti kamili. Pili, daftari la ukoo liandikwe na kijana, na hesabu ya mwaka uliopita isomwe hadharani kabla ya mchango mpya kutajwa. Tatu, fungu moja katika kumi la mfuko liachwe mikononi mwa vijana wenyewe, waamue nani asaidiwe. Watakosea, bila shaka. Na wakosee sasa, kwa fedha kidogo, wazee wangali hai kuwaonya. Nne, siku moja ya Desemba iwe siku ya msaragambo: kabla nyama haijapanda mekoni, watu wote wa ukoo, mwenye gari na asiye nalo, washike majembe wakazibue mfereji, wakatengeneze njia, wakampalilie mzee asiye na mtu.

Wenzetu wa pwani wana desturi ya wakfu, ambapo nyumba au shamba hutengwa, lisiuzwe wala lisirithiwe, na mapato yake yakawafaa wahitaji chini ya msimamizi. Kwa nini ukoo wa Uru au Kilema usitenge sehemu ya kihamba kisicho na mkazi, ndizi na kahawa yake zikasomesha mtoto mmoja, na msimamizi wake akawa kijana? Vihamba vya namna hiyo havikosekani. Tunaviona: nyumba kubwa ya vigae, makaburi yaliyosakafiwa, na mlango uliofungwa tangu Januari hadi Novemba.

Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo wa vihamba vya Shimbwe Juu, katika Wilaya ya Moshi, kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima. Twaona fahari. Lakini urithi hautunzwi kwa kutambuliwa na wageni, ikiwa warithi wenyewe hawajaambiwa maji yanatoka wapi na zamu ya kuyafungulia ni ya nani.

Enyi wazee, Desemba itafika tena. Mtakapofungua daftari, msianze kwa kusoma majina. Tumeni mtu nje, chini ya migomba, akawaite vijana waingie. Na watakapoingia, sogeeni kidogo, wapate pa kukaa.