Treni ya Masekela
Mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini, Hugh Masekela, alipopiga "Stimela" jukwaani, wimbo uliomo kwenye albamu yake ya mwaka 1974, I Am Not Afraid, tarumbeta haikuwa na haraka. Aligonga kengele ya ng'ombe kwa mwendo wa magurudumu, akasimulia kwa sauti nzito habari za treni inayozoa wanaume Malawi, Zambia na Msumbiji kuwapeleka migodini Johannesburg, kisha akapiga honi kwa koo lake mwenyewe, kali, ya kushtua. Mchoraji Monet, aliyechora stesheni ya treni ya Saint-Lazare jijini Paris mwaka 1877, alivutiwa zaidi na moshi; Masekela aliwatazama waliomo mabehewani. Na aliwajua: alizaliwa Witbank, mji wa makaa ya mawe, ambako bibi yake aliwauzia wachimbaji pombe.