Lipa deni la zamani, lakini usitarajie CRB isahau kesho

Bila shaka ushaambiwa hivi: "Lipa tu hilo deni la kitambo, kesho jina lako liko safi CRB." Usikubali kirahisi. Kulipa ni jambo moja, kusafishwa ni jingine, na vijana wengi mtaani huja kujua tofauti hiyo wakiwa washatoa shilingi yao ya mwisho.

Wacha nikueleze bila kukuzungusha. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, na hesabu hii haitaki digrii.

Hapa Kenya kuna kampuni tatu zenye leseni ya Benki Kuu (CBK) ya kuweka rekodi za mikopo: Metropol, TransUnion na Creditinfo. Anayekukopesha huzipelekea habari zako, nzuri na mbaya. Ukipitisha siku 90 bila kulipa, mkopo wako unahesabiwa kuwa umekwama. Kabla ya kukuripoti, mkopeshaji anapaswa kukupa notisi ya siku 30. Na tangu 2020, deni lisilofika Sh1,000 halifai kukuweka kwenye orodha mbaya.

Sasa tuseme umelipa lile deni la miaka mitatu iliyopita. Nini kinabadilika? Mkopeshaji anatuma habari mpya, na rekodi yako inatoka "hajalipa" na kuwa "amelipa". Kuanzia hapo unaweza kupata cheti cha CRB kinachoonyesha kwamba hudaiwi. Hicho ndicho cheti ambacho waajiri wengi hukuitisha pamoja na karatasi za KRA, HELB, EACC na ile ya polisi ya maadili mema.

Lakini historia ya kwamba uliwahi kushindwa kulipa haiondoki. Kanuni zinaruhusu ikae miaka mitano, na miaka hiyo huhesabiwa kuanzia siku uliyomaliza kulipa. Soma hapo tena. Haihesabiwi kuanzia siku uliyokopa, wala siku uliyokwama.

Najua unachofikiria: "Kama ni hivyo, si afadhali nikae tu na pesa yangu?" Hapana, buda. Saa haianzi kuhesabu mpaka ulipe. Ukimaliza deni 2026, doa linatoka 2031. Ukingoja mpaka 2028, linatoka 2033. Kukaa kimya hakufuti kitu, kunasogeza tu tarehe ya mwisho mbele.

Kuhusu alama, chukulia mfano wa Metropol. Wao hutoa alama kati ya 200 na 900, na ukiwa chini ya 400 ujue umehesabiwa kama mtu aliyekwama. Kulipa kunakutoa ndani ya shimo, lakini hakukupeleki 700 jioni hiyo hiyo. Alama hupanda polepole, kwa mikopo midogo inayolipwa kwa wakati, mwezi baada ya mwezi. Kwa hivyo tafadhali, usikope kwa programu nyingine ya simu ili ulipe deni la kwanza. Hapo utakuwa umehamisha moto kutoka jikoni hadi chumbani.

Kabla hujatuma pesa, fanya haya. Kwanza, itisha ripoti yako ya mikopo. Una haki ya kupata moja bila malipo kila mwaka. Angalia nani anakudai na ni kiasi gani, kwa sababu sauti ya ukali kwenye simu si ushahidi wa deni.

Pili, jadiliana. Deni la zamani mara nyingi limejaa faini na riba, na mkopeshaji anaweza kukubali kupunguza ili apate chake. Kama ni benki, sheria iko upande wako: kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinasema riba ikianza kurundikana baada ya mkopo kukwama, haiwezi kupita kile kiasi cha mkopo kilichokuwa kimebaki siku hiyo. Mkikubaliana, pata makubaliano hayo kwa maandishi.

Tatu, lipa kupitia paybill rasmi ya mkopeshaji. Usitume kwa namba binafsi ya wakala anayekusanya madeni, hata akikuita "bro" mara ishirini. Na akikutusi, akikutishia au kuwapigia watu walio kwenye simu yako, jua kanuni za 2022 za wakopeshaji wa kidijitali zinakataza hayo yote.

Nne, dai barua ya kuthibitisha umemaliza, kisha uitazame ripoti yako tena. Ukipata kosa, lalamika kwa kampuni ya CRB yenyewe. Yule jamaa anayejitangaza kwamba atakufutia rekodi ya kweli kwa elfu tatu ni mwizi kama wezi wengine.

Hayo ni yako. Sasa niwaguse wanaotunga kanuni.

Si haki kijana aliyechelewesha Sh2,000 abebe doa la miaka mitano sawa na mfanyabiashara aliyekwama na milioni 20. Serikali yenyewe inajua. Novemba 2022, CBK ilitangaza mpango wa kurekebisha rekodi za mikopo ya simu ya siku 30 au chini, ambapo wakopeshaji walipunguza angalau nusu ya deni kwa atakayelipa kabla ya mwisho wa Mei 2023. Waliohusika walikuwa zaidi ya milioni 4.2. Deni lao lote lilikuwa kama Sh30 bilioni, yaani asilimia 0.8 tu ya mikopo yote ya benki. Zaidi ya watu milioni nne walifungiwa mlango kwa pesa isiyofika asilimia moja!

Mpango ule ukaisha, kanuni ya miaka mitano ikabaki. Pendekezo langu ni hili: deni lisilozidi Sh10,000 likilipwa lote, doa lifutwe baada ya mwaka mmoja. Na mwajiri asiitishe cheti cha CRB kwa kazi isiyohusu kushika pesa. Utamdai vipi mtu huku ukimzuia kupata kazi ya kukulipa?

Hadi siku hiyo ifike, usingoje huruma ya mtu. Itisha ripoti yako wiki hii, chagua deni dogo kuliko yote, na uanze nalo. Saa yako ya miaka mitano haitaanza yenyewe.