Nani Atakinunua? Sinema ya Ayalandi na Woga wa Wachapishaji

Mchapishaji mmoja jijini Nairobi alilirejesha pendekezo letu la kitabu kuhusu sinema ya Ayalandi likiwa na maswali mawili ukingoni, kwa kalamu ya risasi: kitatumika katika shule gani, na kwa nini kiandikwe kwa Kiswahili? Swali la kwanza ni la mfanyabiashara, nasi hatuna ugomvi nalo. Karatasi hainunuliwi kwa nadharia. La pili ndilo lililotuudhi. Linachukulia kwamba mhakiki wa Kiswahili ana idhini ya kujitazama mwenyewe tu, na akitaka kuwatazama wengine sharti kwanza abadilishe lugha.

Tuitazame Ayalandi yenyewe. Kwa miongo mingi taswira ya nchi hiyo katika filamu ilisawiriwa aghalabu na wageni au wana wa wahamiaji. Katika Man of Aran (1934), Mmarekani Robert Flaherty aliwafanya wenyeji wa visiwa wawinde papa kwa chusa mbele ya kamera, ilhali uwindaji huo ulikuwa umekwisha sahaulika, ikabidi wafundishwe upya. John Ford, mzaliwa wa Marekani wa wazazi waliotoka Ayalandi, akaongezea The Quiet Man (1952): kijani kibichi na ngumi za kuchekesha. Aliyewahi kuiona Out of Africa (1985) hahitaji kuelezwa zaidi.

Kisha lugha. Poitín ya Bob Quinn (1978) ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya kubuni iliyotengenezwa kwa Kiayalandi kitupu. An Cailín Ciúin ya Colm Bairéad (2022) ilifika hadi kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu za kimataifa. Baina ya hizo mbili ipo miaka 44. Ni nani atakayeisoma historia hiyo kwa jicho kali kuliko msomaji ambaye lugha yake nayo huambiwa kila uchao kwamba ni ya sokoni na majukwaani, si ya nadharia? Kumwandikia huyo kwa Kiingereza ni kuiua hoja tumboni.

Tutaambiwa soko halipo. Mwaka 1987 Kevin Rockett, Luke Gibbons na John Hill walitoa kitabu Cinema and Ireland. Mwaka huo huo serikali ya Dublin iliisimamisha Bodi ya Filamu, ambayo haikufufuliwa hadi 1993. Kitabu kizima kuhusu sinema iliyokuwa ikinyimwa fedha! Lau mchapishaji wao angeuliza swali la mchapishaji wetu, waliofuata wangeanzia wapi?

Lakini lawama si ya wachapishaji peke yao. Sisi wahakiki tumezoea kuandika mapendekezo kwa kunong'ona: ulinganisho na Kenya katika kila sura, maswali ya marudio mwishoni. Nakiri kwamba mimi mwenyewe niliongeza sura kuhusu filamu za Riverwood ili tu pendekezo lipite. Nilipoisoma tena nikaona haina la kusema, nikaifuta. Mwalimu Nyerere alipochapisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969 hakumtafutia Shylock jamaa Dodoma.

Pendekezo limekwenda kwa mchapishaji mwingine, katika lugha ile ile, bila sura hiyo.