Gesi ya Kivu Haikupikwa na Volkeno

Wanaoandika kwamba gesi inayozalisha umeme huko Karongi, Rwanda, hutoka tumboni mwa volkeno ya Nyiragongo wamechanganya gesi mbili. Kabonidioksaidi iliyoyeyuka katika Ziwa Kivu, takriban kilomita za ujazo 300, kwa sehemu kubwa ni ya volkeno kweli. Methani, ndiyo inayozalisha umeme, takriban kilomita za ujazo 60, ni kazi ya vijidudu.

Mwani hufa, huzama na kuzikwa katika tope lisilo na oksijeni. Humo vijidudu huuvunjavunja. Vingine hutengeneza methani kutokana na asetati, au kwa kuunganisha kabonidioksaidi na haidrojeni. Mchango mkubwa wa volkeno ni hapo, kutoa malighafi. Ushahidi umo ndani ya kaboni yenyewe: methani ya Kivu ina upungufu wa kaboni-13, aina nzito ya kaboni, na huo ni alama ya vijidudu.

Kosa hili lina gharama. Anayeamini kwamba volkeno hujaza ziwa atadhani gesi haiishi, ilhali hazina hiyo ilichukua mamia ya miaka kukusanyika. Mitambo ya umeme ya KivuWatt huko Karongi pekee ina uwezo wa megawati 26. Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zinazogawana ziwa hilo, zipange uchimbaji kwa kasi ya vijidudu.