Malaria tatu na taifodi kidogo

Hivi jamani, kuna mtu mjini hapa ambaye hajawahi kuambiwa ana "malaria na taifodi"? Kwenye chumba chetu cha habari hiyo ndiyo sababu rasmi ya kutoonekana kazini. Mtu anarudi baada ya siku tatu, macho yamemtoka, mkononi kikaratasi cha maabara: malaria tatu, taifodi imeonekana kidogo. Kidogo! Utadhani ni chumvi kwenye mboga.

Mimi nasema tunauziwa magonjwa. Na wateja wakubwa ni sisi tuliosoma.

Mnataka ushahidi? Mwaka 2007 na 2008 watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa na homa katika hospitali mbili za Moshi. Waganga waliandika malaria kwa asilimia 60 hivi. Vipimo vya kina vilipofanyika, malaria ya kweli ilikuwa asilimia 1.6. Soma tena namba hiyo. Wengine walikuwa na leptospirosisi inayotoka kwenye mkojo wa panya na mifugo, bruselosisi ya maziwa mabichi, chikungunya... Mtasema Moshi ni baridi, mbu wachache. Haya, utafiti mwingine uliochapishwa 2014 uliangalia watoto 1,005 wenye homa, wa Dar es Salaam na Ifakara. Wenye malaria walikuwa mmoja kati ya kumi hivi, wa taifodi hawakufika asilimia 4. Wengi walikuwa na virusi, ambavyo antibayotiki haiviwezi hata ukimeza kopo zima.

Sisemi malaria haipo. Ipo na inaua, hasa watoto wadogo na wajawazito. Ukiwa na homa nenda kapime siku hiyo hiyo. Ninachogombana nacho ni majibu ya kubuni.

Chukua hiyo taifodi. Ugonjwa wenyewe tunaupata kwa kula au kunywa kitu chenye kinyesi (samahani mnaokula), na homa yake hupanda polepole kwa siku kadhaa. Lakini kipimo kinachotumika kwenye maabara nyingi za mitaani ni Widal, cha tangu 1896. Hakimtafuti mdudu, kinatafuta kingamwili, na hizo zinaweza kuwepo kwa sababu uliugua zamani au una ugonjwa mwingine kabisa. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu, na majibu yake huchukua siku kadhaa. Nani asubiri, wakati dripu inauzwa mlango wa pili?

Sasa kinachonikasirisha zaidi: dengue. Iliipiga Dar mwaka 2014, ikarudi 2019. Mbu wake huuma mchana, ofisini, kwenye foleni ya daladala, kwa hiyo chandarua cha usiku hakikusaidii sana. Homa inakuja ghafla, kichwa kinauma nyuma ya macho, viungo vinauma kama umepigwa, wengine wanatoka vipele. Mtu wa namna hii akiandikiwa "malaria na taifodi" anachomwa diklofenaki ya maumivu, dawa inayoweza kuongeza hatari ya kutoka damu. Alichohitaji ni paracetamol, maji mengi na mtu wa kumwangalia. Tumbo likiuma sana, akitapika mfululizo au fizi zikitoa damu, hapo ni hospitali mbio. Badala yake yuko nyumbani anamalizia dozi ya ugonjwa asiokuwa nao, na wote tunamwambia vumilia, dawa za malaria zinachosha.

Mtu ana digrii, akinunua simu anauliza maswali ishirini. Akipewa kikaratasi cha maabara anafungua pochi. Uliza basi! Mmenipima kwa kipimo gani? Kama malaria haipo, homa hii ni ya nini?

Mimi nilimuuliza hivyo kijana mmoja wa maabara ya mtaani kwetu. Akanitazama, akasema: "Kaka, umekuja kutibiwa au umekuja kufanya mahojiano?"