Gesi ya Ruvuma: mwamba ndio unaopanga kazi ya malori

WAFANYABIASHARA na wasafirishaji wa Mtwara, Palma na Mocímboa da Praia wanaopanga mitaji yao kwa kuangalia mradi wa gesi wa Afungi, kaskazini mwa Cabo Delgado, wana sababu ya kujua jambo lisilozungumzwa sana sokoni: namna gesi hiyo inavyokaa ndani ya mwamba. Hesabu ya malori inaanzia hapo.

Gesi ya chini ya ardhi haikai kwenye pango kama wengi wanavyodhani. Hukaa ndani ya vitundu vidogo vya mwamba, mfano wa maji ndani ya sifongo. Ukubwa wa vitundu hivyo, na kama vimeungana au la, ndivyo vinavyoamua gesi itoke kwa kasi gani na kwa gharama gani.

Nchini Marekani, katika majimbo kama Texas na Pennsylvania, gesi nyingi imo ndani ya mwamba wa tope lililoshindiliwa kwa mamilioni ya miaka. Vitundu vyake vingi ni vidogo kuliko bakteria, havikuungana vizuri, na sehemu ya gesi imenata kwenye mabaki ya viumbe vya kale. Ili itoke, mwamba hupasuliwa kwa maji na mchanga vinavyosukumwa kwa nguvu kubwa. Kisima hupungua nguvu haraka, hivyo kampuni hulazimika kuchimba vingine. Malori ya maji, mchanga na mabomba hupata kazi kila kisima kipya kinapochimbwa.

Cabo Delgado ni tofauti. Gesi iliyogunduliwa na Anadarko mwaka 2010 na Eni mwaka 2011 imo kwenye mwamba wa mchanga, ambao mito ya kale iliusomba kutoka bara na kuumwaga kwenye kina cha bahari. Chembe za mchanga huacha nafasi kubwa zilizoungana, na gesi husukumwa na shinikizo lake yenyewe. Mwamba wa tope upo pia, lakini hapa unafanya kazi ya kifuniko. Vitundu vyake ni vidogo mno kiasi kwamba gesi iliyo chini haipenyi.

Visima vichache, malori machache

Matokeo yake ni kwamba visima vichache vinatosha. Mtambo unaoelea wa Coral Sul, uliosafirisha shehena yake ya kwanza Novemba 2022, una uwezo wa tani milioni 3.4 kwa mwaka na unalishwa na visima sita tu, vilivyo kwenye maji ya kina cha mita 2,000 hivi. Mtambo huo uliundwa Korea Kusini, na gesi yake hupakiwa melini huko huko baharini. Mtambo wa pili, Coral Norte, ulioidhinishwa Oktoba 2025, nao ni wa kuelea.

Kwa hiyo kazi kubwa ya msafirishaji iko kwenye ujenzi wa kiwanda cha nchi kavu cha Afungi: saruji, nondo, kokoto, mafuta na vyakula. Ujenzi una mwisho. Kampuni ya TotalEnergies inalenga kuanza uzalishaji mwaka 2029, na baada ya hapo mzigo mkubwa utakuwa wa meli.

Gesi inasubiri, riba haisubiri

Mwamba huo una sifa nyingine: mali haiozi. Mradi wa Afungi uliidhinishwa Juni 2019 kwa gharama ya dola bilioni 20 hivi. Machi 24, 2021 Palma ilivamiwa, watu wengi wakauawa na maelfu wakakimbia. Mwezi uliofuata kampuni ilitangaza kwamba haiwezi kutimiza mikataba kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake. Tangazo hilo liliondolewa mwishoni mwa mwaka 2025.

Kampuni nayo ilipata hasara. Yenyewe imetaja ongezeko la gharama la dola bilioni 4.5. Lakini gesi ilibaki palepale chini ya kifuniko chake. Mwenye lori la mkopo au ghala la bidhaa hana kifuniko cha namna hiyo. Kwake miaka minne ya kusimama ni kufilisika.

Hivyo, anayechukua kandarasi sasa anapaswa kuuliza mapema ni nani atakayebeba hasara kazi ikisimama, na malipo yatatoka baada ya siku ngapi. Mkopo wa miaka minane kwa kazi ya miaka mitatu ni hatari. Lori linaloweza kurudi kwenye korosho za Mtwara lina usalama kuliko chombo kilichonunuliwa kwa ajili ya Afungi peke yake.

Njia nayo ihesabiwe. Daraja la Umoja la Mtambaswala, lililofunguliwa mwaka 2010, liko mbali na pwani. Njia fupi ya kwenda Palma ni ya Kilambo, inayotegemea kivuko. Kivuko kikisimama mzigo unalala mtoni, na gharama ya siku hizo ni ya mwenye lori.