Ajali Zisizo na PF3

Mtu akigongwa na lori Barabara ya Nyerere pale Kipawa akafa palepale, atahesabiwa. Trafiki watakuja, faili litafunguliwa, na mwakani atakuwa sehemu ya namba inayosomwa na mgeni rasmi kwenye Wiki ya Nenda kwa Usalama. Lakini muuza mayai aliyebanwa na daladala lililochomoka kituoni, akaangukia mtaroni, trei mbili zikapasuka, akajifuta magoti akaondoka zake? Huyo hajatokea. Hana PF3, hana faili, hana shahidi. Kesho atapita palepale, na keshokutwa, mpaka siku atakapohesabiwa kwa ile njia ya kwanza.

Makamanda, najua wapo watakaosema tuna mambo mazito kuliko baiskeli. Sawa. Ila nisomeni kwanza, maana hili ni suala la nani anaruhusiwa kuonekana kwenye hesabu za nchi hii, na hapo ni kwetu kabisa.

Shirika la Afya Duniani, kwenye ripoti yake ya 2018, lilikadiria kwamba mwaka 2016 barabara za Tanzania ziliua watu zaidi ya 16,000. Takwimu rasmi za mwaka uleule zilikuwa zaidi kidogo ya 3,000. Tofauti hiyo haiwezi kuwa kosa la kujumlisha. Na hapo tunaongelea vifo tu, kitu ambacho ni kigumu kukificha. Sasa fikiria waliovunjika mkono, waliochubuka, waliokoswakoswa.

Hao waliokoswakoswa ndio wamenifanya niandike. Kuna kampuni ya Ireland ya Kaskazini inaitwa See.Sense, inatengeneza taa za baiskeli zenye vihisi ndani. Kihisi ni kitu cha aina ileile kilichomo kwenye simu janja, kinachojua kwamba umeigeuza ubavu. Taa inasikia mtikisiko wa shimo, breki ya ghafla, mkwepo wa ghafla, na kupitia simu ya mwendeshaji inajua hayo yametokea wapi. Mtu mmoja akishika breki ghafla sio habari, huenda kuku kakatiza. Watu arobaini wakishika breki ghafla kwenye kona ileile, wiki ileile, tatizo ni la kona. Dublin walizijaribu kwa kushirikiana na halmashauri ya jiji. Melbourne, kule Australia, zilijaribiwa na Chuo Kikuu cha Deakin pamoja na taasisi ya jimbo inayolipa fidia kwa waathirika wa ajali. Hiyo ya Melbourne ilinifurahisha kama mwanafunzi wa sheria: anayelipa fidia ana sababu nzuri sana ya kutaka kujua mapema, kabla mtu hajavunjika.

Turudi Kipawa. Alfajiri, kabla hakujapambazuka, Barabara ya Nyerere ina walinzi wanaotoka lindo, mafundi wanaowahi saiti, vijana wa mikate, wa mayai, wa madumu, wote juu ya baiskeli ambazo nyingi hazina taa ya aina yoyote, achilia mbali taa janja. Kushoto kuna mtaro, kulia kuna malori ya viwandani na magari yanayokimbilia ndege. Daraja la Mfugale lilipofunguliwa pale TAZARA mwaka 2018, wenye magari walipumua, na haki yao. Ila kwa mwenye baiskeli, foleni ilikuwa ndiyo ulinzi wake. Gari lililosimama haligongi mtu. Ukiifungua barabara bila kumtengea njia, umemwondolea ngao uliyompa bila kukusudia. Je, ndivyo ilivyotokea? Taa hamsini tu kwenye baiskeli hamsini zingeanza kutujibu.

Na sasa mwendokasi awamu ya tatu, Gongo la Mboto hadi mjini, unapita hapohapo. Awamu ya kwanza ilianza kutoa huduma Mei 2016, ikiwa na njia za baiskeli Barabara ya Morogoro, na jiji likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018. Nenda kaziangalie njia zenyewe. Bodaboda humo, gari limeegeshwa humo, meza ya machungwa humo. Machinga simlaumu, maana kila akiondolewa anaambiwa aondoke, haambiwi aende wapi. Ninachosema ni kwamba njia ikishakatiwa utepe inahesabiwa kuwa ipo, hata kama haipitiki. UWABA, umoja wa waendesha baiskeli wa Dar, wamelisema hili la njia za baiskeli kwa miaka mingi. Wanachokosa ni ushahidi ambao mhandisi hawezi kuuita malalamiko.

Kwamba kuhesabu kunasaidia, tunalo somo hapahapa mjini. Shirika la Amend lilipofanya kazi kwenye shule za msingi za Dar, halikutegemea mafaili ya polisi pekee. Watu walipita nyumba kwa nyumba kuuliza mtoto gani kagongwa. Kisha zikajengwa njia za miguu, matuta na vivuko, wakapita tena kuuliza. Watafiti wakakuta majeruhi wamepungua kwa takriban robo, na mwaka 2019 kazi hiyo ikashinda Tuzo ya WRI Ross. Walichojenga hakikuwa cha ajabu, ni saruji, rangi na vibao. Cha ajabu ni kwamba kuna aliyeuliza.

Sasa ugumu. Taa za Ulaya zinataka simu janja, na muuza mikate wa Karakata anatembea na kitochi. Zitaibiwa pia, tusidanganyane. Kwa hiyo mimi siombi tuagize makontena. Naomba tuige wazo: kifaa kidogo kinachotunza kumbukumbu zake chenyewe, kinachosomwa mara moja kwa wiki kwa fundi baiskeli, sio ofisini. Fundi ndiye anayejua kila kitu. Rimu iliyopinda haidanganyi, na mwenye nayo lazima afike kijiweni.

Lipo na pengo ambalo teknolojia haizibi. Taa inaonyesha baiskeli zilipo, haionyeshi zilipokosekana. Mimi siendeshi baiskeli Barabara ya Nyerere, na hali ikiwa hii sitaendesha. Hesabu mabinti utakaowaona wakiendesha pale asubuhi, vidole vya mkono mmoja vitabaki. Safari ambayo msichana aliamua asiende haitikisi kihisi chochote. Mpango ukijengwa kwa data ya taa peke yake, tutapata barabara nzuri kwa wanaume ambao tayari ni jasiri. Lazima mtu apite pia na daftari, aulize kina dada na kina mama: ungependa kupita wapi, na nini kinakuzuia?

Na data iwe ya nani? Rekodi ya safari za mtu za kila siku ni ramani ya nyumba yake, kazi yake na vikao vyake. Sisi wa upinzani hatuhitaji kufundishwa maana ya kufuatwa. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023, lakini ina mianya yake ya usalama wa taifa na upelelezi, na mianya hiyo ni mipana. Basi majina yasikusanywe kabisa, na mwanzo na mwisho wa kila safari ukatwe kabla ya ramani kuchorwa. Kisichokusanywa hakiwezi kuombwa na mtu yeyote.

Mtu atauliza, kwani tunaruhusiwa kujihesabu wenyewe? Mnakumbuka marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya 2018, yaliyofanya kupinga takwimu rasmi kuwa jinai. Juni 2019 kifungu hicho kikalegezwa, baada ya kelele za ndani na nje. Na kabla ya hapo, wanafunzi wa Ardhi walishachora ramani ya Tandale mwaka 2011 pamoja na wakazi, na kuanzia 2015 Ramani Huria ikachora kata zinazofurika, mtaro kwa mtaro. Kama mitaro inaweza kuchorwa na wanafunzi, kona zinazoangusha watu zinashindikanaje?

Hatua ya kwanza haina hata taa. Ibara ya 18 inatupa haki ya kupata taarifa, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwenye taarifa siku 30 za kujibu. TANROADS waulizwe mchoro wa njia ya baiskeli kwenye Barabara ya Nyerere unaishia wapi. TARURA waulizwe orodha ya matengenezo ya barabara za ndani za Kipawa. Barua hizo hazihitaji wakili. Rasimu ninayo, ukurasa mmoja, na kinachokosekana ni majina ya kona. Kama unakaa Kipawa, Karakata, Kiwalani au Vingunguti, muulize fundi baiskeli wa mtaani kwako ni kona gani inamletea rimu nyingi zilizopinda, kisha utuandikie.